Zana ya kidole kwenye Photoshop na GIMP: inafanya nini hasa, na kwa nini haisafishi uso wala haifichi siri

Kwenye magrupu ya wabunifu wa picha kuna swali lisiloisha: "Nimempaka bibi harusi Smudge usoni, mbona ametoka kama sanamu ya dukani?" Kwenye magrupu ya kuuza magari kuna lingine: "Namba za gari nimeshazivuruga, hakuna atakayezisoma, si ndiyo?" Yote mawili yanatoka mahali pamoja. Watu wanaitumia zana yenye alama ya kidole, iitwayo Smudge kwenye programu za kuhariri picha kama Photoshop na GIMP, bila kujua inazifanyia nini rangi za picha. Wengine wanasema ni ya kuweka ukungu, wengine ni ya kusafishia chunusi, na siku hizi wapo wanaoamini ni akili bandia. Hakuna aliyepatia kati yao, na gharama ya kukosea si ndogo: picha ya mteja inaharibika, au namba ya simu ya mtu inabaki hadharani.

Tuanzie chini kabisa, maana ukielewa picha ya kidijiti ni kitu gani, mengine yote yanafunguka.

Kuza picha yoyote kwenye kompyuta, uendelee kukuza hadi uone viraba vidogo vya rangi. Kila kiraba ni pikseli. Picha ya simu yenye megapikseli 12 mara nyingi ina viraba 4000 kwa upana na 3000 kwa kimo, jumla milioni 12. Ndani ya kila pikseli kuna namba tatu, moja ya nyekundu, moja ya kijani na moja ya bluu, na kwenye picha za kawaida kila namba huanzia 0 na kuishia 255. Nyeusi tupu ni 0 tatu. Nyeupe tupu ni 255 tatu. Zana hizi za zamani za brashi hazijui kwamba hapa kuna jicho na pale kuna kope. Zinaona namba tu, na kazi yote ya brashi ni kubadilisha namba.

Neno la pili ni leya, yaani tabaka la picha linalolala juu ya tabaka lingine. Unaweza kulihariri, kulificha au kulifuta bila kugusa lililo chini yake. Likumbuke, tutalihitaji.

Sasa zana yenyewe. Kwenye Photoshop, Smudge inakaa kisanduku kimoja na zana ya ukungu yenye alama ya tone na zana ya kunoa yenye alama ya pembetatu. Nadhani ujirani huo ndio uliozaa nusu ya mkanganyiko. Kwenye GIMP unabonyeza herufi S. Ipo pia Photopea inayofunguka kwenye kivinjari, ipo Krita, ipo ibis Paint kwenye simu, na kwenye Procreate ya iPad ni mojawapo ya vitufe vitatu vikuu: kupaka, kuvuruga na kufuta.

Fikiria ubao mweusi wa darasani wenye mstari mnene wa chaki. Weka kidole juu ya chaki, kisha kivute kuelekea pale ambapo ubao haujaandikwa. Kidole kinaondoka na unga mweupe na kuuacha njiani kidogo kidogo, na kadiri kinavyokwenda ndivyo weupe unavyofifia, kwa sababu unga unapungua na vumbi jeusi la ubao nalo linapanda kidoleni. Smudge inafanya hivyohivyo. Inachota rangi pale unapobonyeza, inaibeba kuelekea unakoburuta, inaichanganya na rangi inazozikuta, na mchanganyiko huo ndio inaouendeleza hatua inayofuata.

Kwa hiyo mambo mawili yanaamua matokeo: umeanzia wapi, na umeelekea wapi. Ukianzia kwenye nyeupe ukaingia kwenye nyeusi, unapata mkia mweupe ndani ya nyeusi. Ukianzia kwenye nyeusi, unapata kinyume chake. Brashi ni ileile na mpangilio ni uleule, lakini picha mbili zinatoka tofauti kabisa. Anayelalamika kwamba zana "leo imegoma" mara nyingi amebadilisha tu upande wa kuanzia.

Je, rangi inasafiri umbali gani? Hapo ndipo unakutana na kipimo ambacho Photoshop inakiita Strength na GIMP inakiita Rate. Ni asilimia ya rangi ya zamani inayobaki kwenye kidole kila hatua. Chukua hesabu ya GIMP, ambayo ni rahisi kuifuata. Umeanzia kwenye nyeupe, 255, ukaingia eneo jeusi tupu, 0, na kipimo kiko 50. Hatua ya kwanza kidole kinabaki na nusu, karibu 128. Ya pili 64, ya tatu 32, ya nne 16, ya tano 8. Baada ya hatua tano jicho halioni tena kitu. Peleka kipimo 90 na hesabu inageuka: hatua ya kwanza 230, ya pili 207, ya tano 151, na hata hatua ya ishirini bado unabeba 31. Kati ya 50 na 90 kwenye kitelezi hakuna umbali mkubwa, lakini kwenye picha ni kama zana mbili tofauti. Na ukifika 100 kidole hakiishiwi. Rangi ya mwanzo inaburutwa mpaka mwisho wa picha, haichanganyiki na chochote.

Hizo "hatua" nazo zina maelezo yake, na hili wengi hawaambiwi. Brashi ya kompyuta haipaki mstari usiokatika. Inagonga alama moja moja, zimekaribiana hadi jicho linaziona kama mstari. Umbali kati ya alama na alama huhesabiwa kwa asilimia ya upana wa brashi. Brashi ya pikseli 40 yenye nafasi ya asilimia 25 inagonga kila baada ya pikseli 10, hivyo hatua tano ni pikseli 50. Punguza nafasi iwe asilimia 10 na hatua tano zinakuwa pikseli 20 tu. Alama zinapandiana, kwa hiyo kwenye picha halisi namba hazitoki nadhifu hivyo, lakini mwelekeo ni huo. Ndiyo maana somo la mtandaoni linalokwambia "weka 60" bila kutaja ukubwa wa brashi, nafasi ya alama na ukubwa wa picha halikusaidii sana. Sitini yake si sitini yako. Na ukiona mvuto wako una ngazingazi badala ya kuteleza, hangaika na nafasi kwanza, asilimia baadaye.

Ukungu ni jambo lingine kabisa. Zana ya ukungu inachukua pikseli, inatazama majirani zake wa pande zote, inatafuta wastani, basi. Haina mwelekeo, na ukiburuta kushoto au kulia tokeo ni lilelile. Haibebi kitu kutoka huku kwenda kule. Smudge ina mwelekeo na ina kumbukumbu. Ukitaka kupunguza ukali wa mandhari ya nyuma, tumia ukungu. Ukitaka moshi ufuate upepo au unywele utoke kichwani, ukungu hautakusaidia.

Kuhusu akili bandia nitasema kwa kifupi. Photoshop ilitoka mwaka 1990 na GIMP ikaanza kupatikana 1996, miaka mingi kabla ya Adobe, kampuni inayotengeneza Photoshop, kuleta mwaka 2023 zana yake ya akili bandia ya kujaza picha kwa maelekezo ya maandishi. Ile ya 2023 inabuni vitu ambavyo havikuwapo. Smudge haibuni chochote. Kila rangi unayoiona baada ya kuburuta imetoka kwenye picha ileile, mahali ulipopita, isipokuwa ukiwasha chaguo la Finger Painting nitakalolieleza mwishoni.

Hapo hapo ndipo uso wa bibi harusi unapoharibikia. Ngozi kwenye picha nzuri haina rangi moja. Ina vitundu, vinyweleo, mng'ao wa jasho kwenye paji la uso, kivuli kidogo kando ya pua, na juu ya hayo kuna chembechembe ambazo kamera yenyewe huzitoa, hasa picha ikipigwa ukumbini usiku. Ubongo wa mtazamaji unazisoma chembe hizo zote bila yeye kujua, na ndizo zinazomwambia "huyu ni mtu." Ukipitisha Smudge shavuni, chunusi inapotea kweli, lakini na hizo chembe zote zinakorogwa zinakuwa uji wa rangi moja. Jirani yake, shingo ambayo hukuipaka, bado ina chembe. Mtazamaji hajui Photoshop, lakini anaona kichwa na shingo haviendani.

Kama kazi ni kuondoa chunusi au kovu, tumia brashi ya kuponya. Photoshop inayo tangu toleo la 7 la mwaka 2002, na GIMP inayo pia. Hiyo inachukua umbile la ngozi kutoka mahali pazuri, inalileta juu ya chunusi, kisha inalinganisha rangi na mwanga wa pale lilipofika. Vitundu vinabaki kwa sababu vimeletwa vitundu. Nasisitiza hili kwa sababu ya wale wanaotengeneza kadi za michango na mabango ya harusi kwa haraka: dakika mbili unazookoa kwa kuvuruga uso zinaonekana bangoni kwa miezi, na anayeonekana hapo ni mtoto wa mtu siku yake kubwa.

Sasa suala la kuficha. Hili linanihangaisha kuliko yote.

Angalia picha ya gari linalouzwa mtandaoni Tanzania, kibao cha njano chenye maandishi meusi. Muuzaji amepitisha kidole mara mbili kutoka kushoto kwenda kulia. Kwa mbali kibao kinaonekana kimechafuka. Kuza. Mistari iliyosimama ya herufi imetawanyika kweli, lakini mistari iliyolala ipo. Kichwa cha T kipo. Mabega matatu ya E yapo. Kofia ya 7 ipo. Sababu iko kwenye hesabu tuliyoifanya: ukiburuta kutoka kushoto kwenda kulia juu ya mstari uliolala, unachota nyeusi na kuimwaga kwenye nyeusi, kwa hiyo hakuna kilichobadilika. Ungeburuta kutoka juu kwenda chini, zingenusurika 1, I na L. Na ukiburuta kwa asilimia 50, rangi inasogea pikseli chache tu na kuacha kivuli cha kila tarakimu karibu na ilipokuwa.

Ongeza jambo moja zaidi. Anayetaka kusoma hahitaji kurudisha picha ya mwanzo. Tarakimu ziko kumi tu, na namba ya simu ya Tanzania inaanza na 0 na vianzio vinavyojulikana vya mitandao. Mtu mwenye subira anaweza kuandika kila tarakimu kwa herufi zilezile za ujumbe wa M-Pesa, akazivuruga kwa namna yako, akaangalia ipi inafanana na doa ulilomwachia. Skrinshoti ni dhaifu zaidi hapo kuliko picha ya kamera, kwa kuwa maandishi yake ni yaleyale kwenye simu zote za aina hiyo, hayana kivuli wala mkunjo.

Kuna kisa kinachojulikana duniani. Mwaka 2007 Interpol ilitangaza kumtafuta mtu aliyekuwa ameweka mtandaoni picha za kudhulumu watoto, uso wake akiwa ameuzungusha kama kimbunga kwa programu ya picha. Wataalamu wa polisi wa Ujerumani waliuzungusha kinyume, sura ikarudi, na Oktoba mwaka huo alikamatwa nchini Thailand. Alikuwa raia wa Kanada. Aliponzwa na kudhani kwamba kisichosomeka kwa macho kimefutika. Kuzungusha kunahamisha pikseli, na kilichohamishwa kinaweza kurudishwa. Smudge iko tofauti kwa sababu inachanganya namba, na mchanganyiko haurudi kirahisi namna hiyo. Lakini kama tulivyoona kwenye kibao, mara nyingi kinabaki cha kutosha. Kinachoamua usalama ni kiasi cha habari kilichobaki kwenye picha, hata kama kwa macho panaonekana pameharibika.

Kwa hiyo usivuruge. Chagua eneo lote kwa umbo la mstatili, lijaze rangi moja isiyo na uwazi hata kidogo, kisha hamisha picha kama JPEG au PNG mpya. Usitume faili la PSD (la Photoshop) wala XCF (la GIMP), maana kama mstatili uko kwenye leya yake, humo leya ya chini bado ipo nzima na anayelifungua anaondoa mstatili wako kwa kubonyeza jicho la leya. Kwenye simu, jihadhari na ile kalamu nene ya kuangazia maandishi. Inaonekana nyeusi, kumbe ina uwazi, na mtu akipandisha mwanga wa picha namba zinajitokeza. Kukata kabisa sehemu yenye siri ni bora zaidi, ila sasisha programu zako: Machi 2023 iligundulika kwamba zana ya kuhariri skrinshoti kwenye simu za Google Pixel, na ile ya Windows 11, zilikuwa zinaacha ndani ya faili sehemu ya picha iliyokatwa. Kasoro hizo zilirekebishwa, lakini marekebisho hayazifikii picha zilizokwisha kutumwa.

Jambo linalogusana na hili ni kuwashuku wengine. Machi 2024, baada ya mashirika ya habari ya AP, Reuters na AFP kuiondoa picha ya familia ya Kate, Binti Mfalme wa Wales, kwa kuwa imehaririwa, kila picha yenye sehemu iliyovutika ilianza kuitwa feki. Kosa lililoonekana wazi kwenye picha ile lilikuwa mkono wa sweta ya binti yake Charlotte usiolingana, si rangi iliyoburutwa. Mvutiko kwenye picha unaweza kuwa mkono uliotikisika tu, au mtoto aliyekimbia mbele ya kamera iliyofunguka kwa sehemu ya 1/15 ya sekunde. Kuna njia ya kupima. Kuza hadi asilimia 100 au zaidi, utazame chembechembe. Kitu kilichotikisika kinaacha chembe za kamera palepale juu ya mvutiko, kwa sababu zilitoka kwenye kihisi cha kamera na hazikutembea pamoja na mtoto. Kidole cha Smudge kinazikoroga chembe nazo, na pale kilipopita panakuwa laini kuliko picha nzima. Ila WhatsApp inapobana picha inazilainisha chembe kila mahali, kwa hiyo picha iliyopitia magrupu kumi si ushahidi wa lolote. Tafuta ya awali kabla ya kumtuhumu mtu.

Baada ya yote hayo usidhani zana hii haina kazi. Inayo, na inaifanya vizuri mno. Ya kwanza ni nywele. Umemkata mtu kutoka ukuta wa studio ukamweka mbele ya bahari, na kando ya nywele kumebaki ukingo kama uliokatwa kwa mkasi. Chukua brashi ya pikseli 2 hadi 4, Strength kati ya 80 na 90, anza ndani ya nywele na uvute nje kwa kufuata zinakoota. Nywele za kipilipili zinataka mivuto mifupi iliyopinda, kila mmoja upande wake. Rasta zinataka mivuto mirefu michache. Ukirudia mwelekeo mmoja kwa kila unywele, utapata brashi ya viatu. Picha ikiwa ndogo punguza, ikiwa kubwa ongeza, na rudi nyuma kuangalia picha nzima kila baada ya mivuto kadhaa.

Ya pili ni uchoraji. Wapo wasanii wanaochukua picha ya mtu na kuipitia yote kwa kidole hadi iwe kama imechorwa kwa rangi ya mafuta, nywele moja moja, mkunjo wa kitenge mmoja mmoja. Wengi wanaifanya kwenye simu. Pale kupotea kwa vitundu vya ngozi ndiko kunakotakiwa, na uhodari wote uko kwenye kufuata umbo: shavu linaburutwa kwa duara, daraja la pua kwa urefu, mdomo kwa kufuata mikunjo yake. Krita inawapa njia mbili, moja inayoburuta rangi pamoja na umbile lake na nyingine inayochota rangi ya pale brashi ilipo na kuichanganya bila umbile. Kwa ngozi jaribu ya pili, kwa kitambaa ya kwanza.

Sasa ile leya. Smudge inabadilisha pikseli moja kwa moja, na ukishahifadhi JPEG na kufunga programu huwezi kurudi nyuma. Kwenye Photoshop tengeneza leya mpya tupu juu ya picha, uwashe chaguo linaloitwa Sample All Layers, upake humo. Kidole kitachota rangi kutoka chini na kuziweka kwenye leya mpya, picha ya asili isiguswe. Kama programu yako haina chaguo hilo, nakili leya ya picha kwanza na ufanyie kazi nakala.

Mitego miwili ya mwisho. Kama kila mvuto unaanza na rangi ambayo haipo kwenye picha, tuseme nyekundu, basi Finger Painting imewashwa, na kidole kinachovywa kwenye rangi uliyoichagua kabla ya kuanza kuburuta. Izime. Kitufe cha Alt nacho kinaiwasha kwa muda ukikishikilia, kwa hiyo chunguza mkono wako wa kushoto. Na kama kingo za mtu uliyemkata zinaliwa kila unapopita, ni kwa sababu nje ya ukingo hakuna rangi, kuna uwazi, na kidole kinabeba uwazi huo ndani kama kinavyobeba rangi. Anza mvuto ndani, usianze nje, au kwenye GIMP washa chaguo la kuzuia kufuta. Kwenye Photoshop funga uwazi wa leya kwa kitufe cha kufuli chenye alama ya miraba, ila kumbuka kukifungua unapokuja kuvuta nywele, maana leya iliyofungwa hairuhusu unywele utoke nje ya kichwa.